Zoezi la Moto, Lifti na Mama Mkwe

Leo heshima yangu imebaki kati ya ghorofa ya sita na ya tano. Atakayeiokota asinirudishie, haitanifaa tena.

Nawaandikia hapa kwenye grupu kwa sababu najua kufikia kesho mtakuwa mmeshaisikia kutoka kwa Karisa, na Karisa akisimulia jambo hulitia nazi na iliki. Isikieni kwangu kwanza.

Kwa waliojiunga juzi: mimi ni Wafula, mtu wa Bungoma, niko Malindi mwaka wa kumi na mbili, nimeoa Ganda, kijiji cha Wagiriama hapa jirani. Nafanya kazi kwenye ile hoteli mpya ya ghorofa kumi. Mimi ndiye mkuu wa usalama. Kwa majaribio. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonikondesha miezi mitatu hii, na leo yalikuwa yaondoke. Zoezi la moto likienda vizuri, mkaguzi wa bima atie sahihi, meneja anipe barua ya kuthibitishwa kazini. Barua ilikuwa imeshachapwa. Niliiona mezani kwake kwa macho yangu, jina langu limeandikwa bila kosa.

Na msidhani naitaka ile barua kwa sababu ya mshahara. Naitaka kwa sababu ya mama mkwe. Mama huyu ameitangazia Ganda nzima kwamba binti yake ameolewa na "yule askari wa geti". Mimi sijafungua geti hata siku moja. Nina ofisi. Nina kabati la faili. Lakini kila nikienda ukweni naulizwa hali ya watoto, hali ya mke, kisha, "Na geti, halijambo?" Nilitaka nimpelekee barua yenye muhuri, isomwe mbele ya watu, tumalizane.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono. Kitu hakitoki mkononi mwake kikaingia mkononi mwangu. Anakiweka chini, mimi naokota. Wagiriama nao wana heshima zao za ukwe, ila si kali hivyo. Siku ya posa wazee wangu walipoeleza desturi yetu, mama alisikiliza, akaipenda, akaichukua yote, akaiongezea na za kwake. Sasa akija kwangu, mimi ndiye ninayehamia uani (kodi nalipa mimi, lakini hayo si ya leo). Nikishatoka, anakagua. Anafunua sufuria. Anainua godoro. Aliwahi kumuuliza mke wangu ile soksi yangu ya kijivu ilikwenda wapi, na soksi yenyewe ilikuwa imepotea tangu mwaka jana.

Kwa hivyo mimi na Karisa, msaidizi wangu kazini, tukampa jina. Tunamwita Askari Kanzu. Ni yule polisi asiyevaa sare, anayekuja kama raia tu na kuondoka anajua kila kitu. Jina hilo lilikuwa siri yetu sisi wawili.

Sasa mpango wenyewe. Niliuandika kwa mkono wangu, kurasa arobaini na moja. Kengele ikilia, Karisa anakata umeme wa lifti zote, mtu asije akaingia humo moto ukamkuta. Wageni wanashuka kwa ngazi hadi uwanja wa magari. Hakuna lifti inayowashwa tena mpaka mkuu wa usalama atoe amri kwa redio ya mkononi. Na kwa kuwa redio inaweza kuanguka ikaokotwa na mtu yeyote, amri hiyo lazima ije na neno la siri, halafu na jibu la swali la pili. Jambazi akibahatisha neno, atanaswa kwenye swali.

Neno la leo nililichagua asubuhi nikinywa chai. Nilitaka neno ambalo jambazi hata akikaa mwaka mzima hatalipata. Nikaandika: Askari Kanzu. Swali la pili: ni nani huyo? Nilijicheka peke yangu pale mezani. (Nilijiona mwerevu. Mungu anisamehe.)

Halafu kuna wageni. Zoezi halifanywi na wageni wa kweli, watakimbia na wasirudi. Nilimwambia Karisa atafute watu ishirini wa kuigiza wageni, wa rika zote, wazee wawemo, wakae vyumbani tangu asubuhi. Orodha yao, nikamwambia, iwe siri hata kwangu, ili jambo liwe la kweli. Karisa ni mtu wa Ganda. Mnajua alikokwenda kutafuta watu? Kwa akina mama wa kanisa la Ganda. Mnajua kwa nini hakuniambia? Kwa sababu nilimkataza. Kwa maandishi.

Kengele ilikuwa ilie saa tano kamili. Saa tano kasorobo nilikuwa ghorofa ya kumi, nahakikisha milango ya ngazi inafunguka. Nilikuwa nimevaa koti jeusi, lile la harusi yangu. Nikachelewa kidogo na bawaba moja iliyokuwa inalia. Redio ikaita. Karisa.

"Afande, mkaguzi ameshafika. Anakuuliza."

Nikatazama saa. Dakika tatu. Kushuka ghorofa kumi kwa ngazi, na koti, na joto la Malindi, ningemfikia mkaguzi nimelowa kama niliyetolewa baharini. Pembeni ya lifti pana tangazo: WAKATI WA HATARI USITUMIE LIFTI. Chini yake pana sahihi yangu. Nikajiambia hatari bado haijaanza. Lifti inashuka chini kwa sekunde arobaini, nimeipima mwenyewe. Nikaingia.

Nilichosahau ni akina mama wa Ganda. Ghorofa ya tisa lifti ikasimama, mlango ukafunguka, hakuna mtu. Ya nane ikasimama, hakuna mtu. Walikuwa wamebonyeza kila kitufe walichokiona ukutani kisha wakarudi vyumbani kustarehe. Ya saba ikasimama. Mara hii akaingia mtu, kinyumenyume, kikapu mkononi, bado anazungumza na mwenzake aliye kwenye ujia.

"Chai gani hiyo ya kuchovya kikaratasi chenye uzi? Mimi nashuka jikoni kwao nikanywe chai ya sufuria."

Mlango ukajifunga. Akageuka. Tukatazamana.

Sijui nani alianza. Nilijikuta nimeikabili kona ya kushoto, pua imegusa chuma, naye ameikabili kona ya kulia.

"Shikamoo, Mama," nikauambia ukuta.

"Marahaba, Baba Furaha." Furaha ni binti yangu wa kwanza. Kisha akaongeza: "Kumbe ndiyo hapa penye geti?"

Mtu mwenye akili angetulia, chini palikuwa si mbali. Mimi nikasema nishuke ghorofa inayofuata, nimwachie mama lifti yake. Nikanyoosha mkono bila kugeuka nikitafuta kitufe cha sita. Tulikuwa tumeshaipita. Nikatafuta cha tano. Hapo ndipo kengele ilipolia.

Lifti ikatikisika, ikasimama. Taa kubwa ikazimika, ikabaki ile ndogo ya dharura. Saa tano kamili, si kabla wala baada. Karisa tangu nimjue hajawahi kuwahi jambo. Alichelewa harusi ya dadake. Leo akawahi.

Nikabonyeza kitufe cha kuomba msaada. Kinalia mapokezi, na mapokezi hapakuwa na mtu, kwa sababu ukurasa wa kumi na mbili unasema mtu wa mapokezi ndiye wa kwanza kutoka. Kwa nje nikasikia miguu ikishuka ngazi, taratibu, bila kusukumana, akina mama wanaimba wimbo wa kanisani. Mpango wangu ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa. Nilitamani kulia.

Joto likaanza. Feni imezimwa na Karisa, kwa amri yangu.

"Baba Furaha."

"Naam, Mama."

"Nataka kulegeza kilemba."

"Legeza tu, Mama. Mimi sioni."

"Huoni sasa. Ukigeuka je?"

"Sitageuka."

"Jifunike."

Nikavua koti la harusi nikajifunika kichwa kizima. Mkuu wa usalama wa hoteli ya ghorofa kumi, ndani ya koti, ndani ya kona, ndani ya lifti. Humo gizani nikaitoa redio.

"Karisa, Karisa. Mimi hapa. Niko ndani ya lifti namba moja. Washa umeme."

"Nani anaongea?"

"Wafula."

"Neno la siri?"

Neno lilinijia kwenye ulimi, likakutana na harufu ya mafuta ya nazi ya mama mkwe hatua mbili nyuma yangu, likarudi tumboni.

"Karisa, sauti yangu unaijua."

"Sauti huigwa, Afande. Ni maneno yako mwenyewe, ukurasa wa ishirini na tatu."

"Karisa, nakwambia kama ndugu."

"Undugu ni baada ya kazi. Ukurasa huohuo."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke, ya taratibu, Kiswahili cha mji wa kale. Bi. Zuhura, mkaguzi. "Huyu kijana anafanya vizuri sana," alisema. "Mwandikie alama zote." Basi nikajua nimenaswa. Karisa akivunja sheria, zoezi limeanguka na barua imekwenda. Karisa akiishika sheria, mimi nakaa humu na mama mpaka nimtamkie neno. Nikaamua kukaa. Nilikuwa tayari kulala humo.

"Baba Furaha," mama akasema, na sauti ilikuwa imekuwa nyembamba ghafla. "Mimi nina presha."

"Pole, Mama."

"Presha yangu haipendi kufungiwa. Hilo neno wanalokuuliza, hulijui?"

"Nalijua, Mama."

"Basi mbona husemi? Unataka binti yangu aambiwe mamake alifia kwenye sanduku, na mwanamume amesimama hapo kajifunika koti?"

Niambieni mngefanya nini. Semeni kweli, msijifanye mashujaa leo. Nikaikumbatia redio, nikaisogeza mdomoni hadi ikagusa meno, nikanong'ona.

"Askari Kanzu."

"Sikupati, Afande. Rudia kwa sauti."

Nikarudia kwa sauti.

"Sawasawa. Swali la pili. Askari Kanzu ni nani?"

Mjue Karisa hakuwa na ubaya. Alikuwa na karatasi yangu mkononi na mkaguzi begani. Alisoma kilichoandikwa. Kilichoniua ni jambo jingine nililokuwa nimelisahau kabisa: ukurasa wa kumi na nane, sauti ya mkuu wa usalama hupitishwa kwenye spika za uwanja wa magari, ili wageni wasikie maagizo na watulie. Wageni wenyewe ni akina mama kumi na tisa wa kanisa la Ganda. Wa ishirini alikuwa nyuma yangu, ananisikiliza.

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

Kisha kicheko kikaja kutoka nje, kikapanda hadi ghorofa ya tano kwa miguu yake. Kicheko cha akina mama wa Ganda mnakijua, kina kuanza na hakina kuisha.

"Weka hicho kidude chini," mama akasema. Sauti ilikuwa imepona.

Nikakiweka chini. Nikasikia anainama, anaokota.

"Mnanisikia huko? Huyu ni Askari Kanzu mwenyewe. Washeni umeme, nataka chai."

"Ndiyo, Mama," Karisa akajibu.

Hakumuuliza neno la siri. Hakumuuliza swali la pili. Mimi niliyeandika kurasa arobaini na moja nimehojiwa kama mwizi wa kuku, yeye kwa neno moja umeme umewaka.

Lifti ikaanza kushuka. Mama akaniambia nisijifunue mpaka afunge kilemba. Nikasema sawa, Mama. Lifti ikasimama, mlango ukafunguka, nikasikia watu wengi na hewa ikaingia. Nikangoja. Heshima ni heshima. Nikangoja tena.

"Mama," nikauliza kutoka ndani ya koti, "tayari?"

"Tayari zamani, Bwana Wafula," akajibu Bi. Zuhura.

Nikajifunua. Mama hayupo, ameshatoka na kikapu chake. Mbele yangu meneja, mkaguzi na kalamu yake, wapishi na kofia zao, Karisa anatazama juu asicheke, na akina mama kumi na tisa wameshikana mabega wasianguke. Mimi niko kwenye kona, koti mkononi, mistari ya ukuta wa lifti imejichora kwenye paji la uso.

Nilijaribu kujitetea. Nilisema kengele ilikuwa bado haijalia nilipoingia. Bi. Zuhura akanisikiliza vizuri, mama wa watu, kisha akauliza kwa upole:

"Na huu utaratibu wa kukata umeme kabla lifti haijashushwa chini na kufunguliwa, nani aliuandika?"

Nikasema utaangaliwa upya.

"Ungekuwa moto wa kweli," akasema, "mungekufa nyote wawili, wewe umejifunika koti."

Hapo hakuna aliyecheka. Nami hilo limenikaa moyoni, sifichi. Lakini kama jambo lingeishia hapo ningelimeza. Halikuishia hapo. Bi. Zuhura akamgeukia mama, akamwuliza hali ya presha yake, aitiwe daktari?

"Presha sina," mama akasema. "Nilitaka kulisikia hilo neno. Nilijua kuna jambo, mtu hawezi kuogopa neno bure."

Halafu, bila kuulizwa na mtu, akaanza. Mlango wa ngazi ghorofa ya nne umezuiwa kwa ndoo ya kudekia, haufungi. Mtungi wa kuzimia moto ghorofa ya saba umefichwa nyuma ya pazia, kauona alipokuwa anapima kitambaa. Askari wa mlango wa nyuma aliwapitisha wote ishirini bila kufungua kikapu hata kimoja, kwa kuwa walimsalimia vizuri na yeye akawaamkia. "Na humu," akasema, akakiinua chake, "mna panga. Nilikuwa nipitie shambani nikitoka hapa." Akalitoa. Panga la kweli, limefungwa gazeti. Meneja alirudi nyuma hatua mbili.

Miezi mitatu nimezunguka jengo lile na faili. Yeye saa mbili na kikapu.

Zoezi limepita, kwa masharti. Bi. Zuhura ametia sahihi, akaandika kwamba hoteli inahitaji mtu wa nje, anayekuja bila taarifa kila mwezi, anaonekana kama mgeni wa kawaida, akague. Meneja akamtazama mama. Mama akatazama kucha zake. Barua yangu imerudi kwenye droo, nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Barua ya mama ya kazi hiyo imechapwa palepale, ikatiwa muhuri, na haina neno "majaribio" popote.

Najua kwa sababu nimeisoma. Ameamua kulala kwangu leo, na macho yake hayasomi maandishi madogo, kwake barua ile ni safu za sisimizi. Basi nimesimama uani, yeye sebuleni, dirisha katikati, majirani wamealikwa, nimesoma kwa sauti kuanzia tarehe mpaka sahihi. Penye "atatoa taarifa kuhusu utendaji wa mkuu wa usalama" ameniomba nirudie. Nimerudia mara mbili.

Sasa niko hapa uani kwenye kiti cha plastiki. Kama ni lazima mcheke, chekeni kwa maandishi. Msinitumie sauti. Simu yangu iko chaji sebuleni, natumia ya mke wangu, na kila sauti inayoingia kule, Mama ndiye anayeifungua.